Muulize Mzee wa Masjala: "Suala lako linafanyiwa kazi"

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwaka jana aliletwa mkandarasi kujenga mtaro wa maji ya mvua kwenye barabara yetu. Alichimba, akapanga mawe kipande, akaondoka. Mvua ya kwanza tu ukuta mmoja ukalala. Nikaiandikia halmashauri barua, nikaeleza kila kitu: watoto wanavyovuka kwa shida, fedha za wananchi zinavyopotea, nikauliza kwa nini mradi umetelekezwa, nani anahusika na lini hatua zitachukuliwa. Baada ya wiki saba nikapata mistari mitatu: "Ofisi inatambua changamoto hiyo na suala lako linafanyiwa kazi." Nilipokwenda mwenyewe kuomba kuona mkataba, nikaambiwa ni siri ya mkandarasi. Nasikia kuna sheria ya kupata habari. Inanihusu na mimi, au ni ya waandishi wa habari? Nakala ya barua yangu nimekuambatishia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, kurasa tatu, mbele na nyuma. Imeandikwa kwa uchungu na sina shaka kila neno ni kweli. Lakini ngoja nikupitishe ilikopita, maana nilikaa masjala ya halmashauri miaka 27 na barua za namna hiyo zilinipitia mikononi kila wiki.

Barua ikiingia, karani anaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha anaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia: tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini. Hapo kwenye "inahusu nini" hasomi kurasa tatu. Anasoma mstari wa "Yah:". Wewe umeandika "Yah: Kilio cha wananchi wa barabara yetu". Karani anageukia kabati. Lipo jalada la barabara, lipo la zabuni, lipo la mikataba. La kilio halipo. Basi barua yako inakwenda kwenye jalada la Malalamiko ya Wananchi, ambalo kwetu lilikuwa nene kuliko yote. Nilipostaafu tulikuwa juzuu ya sita. Inatobolewa, inafungwa kwa uzi, inaandikwa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu kulia, halafu jalada linapanda kwa mkubwa na wenzake kama 20. Mkubwa anaandika neno moja kwenye karatasi ya dokezo: "Ajibiwe." Linashuka. Karani anafunua jibu alilopewa mlalamikaji aliyekutangulia, anabadilisha jina na tarehe.

Hiyo mistari mitatu nimeipiga chapa mimi mwenyewe sijui mara ngapi. "Ofisi inatambua." Unisamehe.

Sasa sheria. Inakuhusu wewe kabla ya mwandishi yeyote. Kenya haki hiyo imo kwenye Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, na sheria yake ikatungwa 2016. Tanzania Bara wana Sheria ya Haki ya Kupata Habari, Namba 6 ya 2016, na Katiba yao inaigusa haki hiyo kwenye Ibara ya 18. Uganda waliwatangulia wote hao, sheria yao ni ya 2005. Kote huko anayeomba anatakiwa awe raia, basi. Hakuna anayedaiwa kitambulisho cha uandishi. Uingereza, ambako sheria ilipitishwa 2000 na kuanza kutumika Januari 2005, hata uraia hauulizwi.

Ila soma vizuri unachopewa na sheria hizo. Unapewa haki ya kupata kilichokwisha andikwa na kutunzwa. Wewe umeuliza "kwa nini mradi umetelekezwa". Hilo ni swali zuri la kumsimamishia diwani mkutanoni, mbele ya watu. Anayeshughulikia maombi ya habari hana karatasi inayoitwa "kwa nini". Ukimuuliza hivyo atatunga maelezo, na maelezo ya kutungwa ndiyo hayo ya "ofisi inatambua". Ana mkataba. Ana vyeti vya malipo. Ukimtajia hivyo kwa majina yake, kazi yake inakuwa ni kunyanyuka, kufungua kabati na kutoa. Asipotoa, anajua na wewe unajua kwamba amekataa.

Na mtaro wako, nakuhakikishia, una karatasi nyingi kuliko mawe. Kuna tangazo la zabuni, taarifa ya waliotathmini zabuni, barua ya kumjulisha mshindi, mkataba, michoro. Kuna mchanganuo wa kazi na gharama: huo unasema mtaro ni mita ngapi, kina gani, ukuta unene gani, na kila mita inalipwa kiasi gani. Kuna karatasi za vipimo, ambazo mhandisi anajaza anapokwenda kupima kazi iliyofanyika kabla ya kuidhinisha malipo. Kuna cheti cha malipo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Kuna ripoti za ukaguzi. Kama kazi ilipokelewa, kuna hati ya kuipokea. Kama ilisimamishwa, kuna barua ya kuisimamisha. Tena mikataba mingi ya ujenzi huacha sehemu ya fedha mkononi mwa mwenye mradi mpaka kasoro zirekebishwe, na hilo nalo limeandikwa mahali.

Usiombe vyote. Ningekuwa wewe ningeomba vitatu: mchanganuo, vyeti vya malipo pamoja na karatasi zake za vipimo, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Sababu ni moja. Mchanganuo utakwambia kilichoagizwa, cheti kitakwambia kilicholipwa, halafu wewe utachukua futi kamba na mwenzako wa kukushikia upande wa pili, mpime kilichopo. Ukikuta cheti kinasema mita 300 na kamba inasema 120, hutahitaji afisa akueleze kwa nini.

Barua yenyewe iwe hivi:

"Yah: Maombi ya nakala za nyaraka za ujenzi wa mtaro wa barabara ya (jina la barabara).

Kwa mujibu wa (jina kamili la sheria na mwaka wake), naomba nakala za nyaraka zifuatazo zinazohusu mkataba namba (namba ya mkataba): mchanganuo wa kazi na gharama ulioambatishwa kwenye mkataba, vyeti vyote vya malipo na karatasi zake za vipimo, tangu mkataba uliposainiwa hadi tarehe ya barua hii, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kazi. Iwapo waraka wowote kati ya hizo haupo, naomba nijulishwe kwa maandishi kuwa haupo. Iwapo sehemu ya waraka inazuiliwa, naomba nipewe sehemu iliyobaki na nitajiwe kifungu cha sheria kilichotumika kuizuia. Nakala za kielektroniki zinanitosha."

Jina, anwani, sahihi, tarehe. Imekwisha. Namba ya mkataba mara nyingi ipo kwenye bango la mradi, kama halijang'olewa. Ukiikosa, taja barabara, aina ya kazi na mwezi ilipoanza.

Najua inakuuma kuwaacha watoto nje ya barua. Waandikie barua yao, siku nyingine, bahasha nyingine. Ukichanganya ombi na malalamiko kwenye karatasi moja, karani atachagua jalada analolizoea, na nimeshakwambia ni lipi.

Mpelekee mkuu wa ofisi, awe mkurugenzi au katibu, kwa cheo chake na si kwa jina. Wakubwa huhamishwa, cheo hakihami. Kenya sheria yenyewe inamfanya mtendaji mkuu wa taasisi kuwa ndiye afisa wa kupokea maombi hayo, na inasema wazi kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo asikudanganye mtu pale kaunta kwamba hutaeleweka. Asiyejua kusoma na kuandika naye hafukuzwi: Kenya na Tanzania anasema kwa mdomo, afisa anaandika.

Halafu jambo ambalo watu wanalidharau. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, tunza ile barua pepe na uombe wakuthibitishie kwamba imefika. Siku ambazo sheria inawapa kukujibu zinahesabiwa kuanzia hapo. Kenya ni siku 21, na wanaweza kujiongezea zisizozidi 14 kama ulichoomba ni kingi. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Uganda ni siku 21. Tanzania ni siku 30. Uingereza ni siku 20 za kazi. Bila tarehe ya muhuri, utabishana na mtu mwenye daftari na wewe huna kitu mkononi. Wiki zako saba zimepita siku zote nilizozitaja, lakini kwa kuwa barua ile haikuomba waraka wowote, itakuwa vigumu kumshitaki mtu kwa kuchelewa. Anza upya na hii.

Turudi kwenye "siri ya mkandarasi". Hapo afisa hakuzua. Takriban kila sheria ya habari ina kifungu kinacholinda maslahi ya kibiashara, kama inavyolinda usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea na mambo binafsi ya watu. Alichokosea ni kukigeuza kifungu hicho kuwa blanketi. Kinalinda kitu ambacho kikitoka kitamuumiza mkandarasi: namba ya akaunti yake, pengine makubaliano yake na wauzaji wa vifaa. Urefu wa mtaro hauwezi kuwa siri ya biashara, umelala pale barabarani kila mtu anauona. Jumla aliyolipwa kutoka kwenye fungu la umma nayo ni vigumu kuitetea. Na hata palipo na siri ya kweli, sheria kama ya Kenya na ya Uingereza zinataka ipimwe dhidi ya manufaa ya umma kabla ya kufungiwa.

Kwa hiyo usibishane naye. Mwambie kwa upole, "Naomba uniandikie hivyo hivyo, na kifungu chake." Nimewahi kumwona bosi wangu mmoja akitamka "siri" bila kupepesa macho. Alipoombwa aandike, akasema subiri kidogo, akaingia kwa mwanasheria. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jalada kwapani. Mwanasheria hakunyanyua hata kichwa: "Mpe, ila ziba namba ya akaunti." Nikaiziba mimi, kwa kipande cha karatasi juu ya kioo cha mashine ya kutolea nakala.

Wakinyamaza mpaka siku zikaisha, usirudi kaunta kuomba tena. Kenya na Uganda kimya kinahesabiwa kuwa wamekataa, na kukataliwa kuna mlango wake wa rufaa. Kenya utakwenda kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambayo wengi wanaiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Uganda utakwenda kwa Hakimu Mkuu (Chief Magistrate). Tanzania unaanza kwa mkuu wa taasisi yenyewe, umwombe aupitie upya uamuzi. Uingereza nao unawaomba kwanza wajipitie wenyewe, kisha unakwenda kwa Kamishna wa Habari. Popote utakapofika, wa kwanza kukaa mezani atakuomba kitu kimoja: ile nakala yenye muhuri.

Nikumalizie na mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, aliyewahi kunishangaza. Alikuja akiwa na barua ya zamani aliyoandikiwa na ofisi yetu. Badala ya kueleza shida yake, akanionyesha juu kushoto palipoandikwa "Kumb. Na.", akasema, "Jalada lenye namba hii. Barua hii inasema 'Rejea barua yako' ya tarehe fulani. Naomba nakala ya hiyo iliyorejewa." Nilikwenda kabatini moja kwa moja, sikuuliza kitu. Dakika kumi hazikufika. Maombi yake yalipata idhini jioni ile ile kwa sababu jalada lilikuwa tayari mezani na hapakuwa na cha kutafuta. Basi na wewe, ile mistari mitatu usiichane. Ina kumbukumbu namba. Huenda chini yake pameandikwa "Nakala kwa:" na vyeo vya watu wawili watatu, na hao wote sasa unajua wana karatasi inayohusu mtaro wako.

SWALI: Mzee, niliomba muhtasari wa kikao kilichogawa viwanja. Nimeambiwa faili halionekani. Nifanyeje?

JIBU: Majalada hayapotei kirahisi kama watu wanavyosema. Katika miaka yangu yote, niliyoambiwa "hayaonekani" nimeyakuta kwenye droo ya mtu aliyekwenda likizo, chini ya jalada jingine lenye rangi ile ile, na moja nililikuta kwenye buti la gari ya ofisi. Aliyeliweka huko nitamhifadhi.

Masjala yoyote inayojiheshimu ina rejista ya mwendo wa majalada: limetoka tarehe ngapi, limekwenda kwa nani, limerudi lini. Andika ombi la pili, uombe nakala ya ukurasa wa rejista hiyo unaohusu jalada lako. Nalo ni kumbukumbu ya ofisi kama nyingine. Nimeona majalada yakionekana siku mbili baada ya ombi la namna hiyo kufika mezani.

Pia muhtasari wa kikao hauishi mahali pamoja. Wajumbe hupewa nakala kabla ya kikao kinachofuata ili wauthibitishe, kwa hiyo katibu wa vikao anayo, diwani wako naye anapaswa kuwa nayo. Omba huko. Kikao chenyewe kama hujui tarehe yake, usiandike "kikao kilichogawa viwanja", maana huenda vilikuwa vitatu; andika mihtasari yote ya kamati husika kati ya mwezi fulani na mwezi fulani, yenye ajenda ya viwanja.

SWALI: Naishi Uingereza. Niliomba baraza la mji linipe nakala za barua pepe zote za idara ya mipango tangu 2015. Wamekataa, wanasema gharama imezidi. Si wananinyima haki yangu?

JIBU: Hapana, hapo nipo upande wao. Karani aliyemo ndani yangu alishika kichwa alipolisoma ombi lako. Kwa mabaraza ya huko kikomo ni pauni 450, na saa ya kazi inahesabiwa pauni 25, kwa hiyo ukipiga hesabu ni saa 18 za mtu mmoja kutafuta na kutoa. Barua pepe za idara nzima kwa miaka yote hiyo hazimalizwi kwa saa 18.

Lakini sheria hiyo hiyo inawapa wajibu wa kukusaidia na kukushauri. Waandikie: "Ni kiasi gani cha ombi langu kinaweza kuingia ndani ya kikomo?" Wanatakiwa wakujibu. Kisha punguza. Chagua ombi moja la kibali cha ujenzi linalokuhusu, maafisa wawili, miezi mitatu. Kama shida yako ni mazingira, tuseme mafuriko, taka au miti inayokatwa, taja kwamba unaomba kwa Kanuni za Habari za Mazingira za 2004. Zina utaratibu wake, na kile kikomo cha pauni 450 hakimo.

SWALI: Shikamoo. Kila nikipeleka ombi naulizwa "Unazitaka za nini?" Nijibu nini?

JIBU: Marahaba. Kenya na Uganda sheria inasema sababu yako haiathiri haki yako, hata kama afisa anajidhania anaijua. Uingereza nako hulazimiki kuitaja. Jibu, "Za kusoma," utabasamu, usubiri muhuri wako.